Cadwell Bila Trela

Wenye uwezo wao hupeleka pikipiki uwanjani ndani ya gari la mizigo, imefungwa mikanda pande zote, na ikivunjika huko hurudi kwa njia ileile iliyoendea. Mimi sina gari la mizigo wala trela. Honda yangu, CBR600RR ya mwaka 2007, ndiyo inayonipeleka kazini hapa Leicester, Uingereza, ndiyo iliyonifikisha uwanja wa mbio wa Cadwell Park, ikapiga raundi kutwa nzima, na jioni ikanirudisha nyumbani. Kwa mtu wa aina yangu, kuiandaa pikipiki ya barabarani iweze kukimbia uwanjani hakuhusu sana kununua vifaa. Kazi kubwa ni kujua kipi kifunguliwe, kipi kipunguzwe na kipi kisiguswe, na kila kilichofunguliwa kiwe tayari kurudi mahali pake kabla ya kuingia tena barabarani.

Nifafanue kidogo, maana ndugu zangu wa Tanga wakisikia nimekwenda uwanja wa mbio huniuliza nimeshika nafasi ya ngapi. Sijashika yoyote. Viwanja vya mbio vya Uingereza hutenga siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni, mavazi kamili ya ngozi na pikipiki nzima anaweza kulipia akaingia. Unatia saini kwamba hatari unaijua, kisha unapewa lami isiyo na lori, isiyo na taa za barabarani wala mbuzi wa kukatiza. Hakuna kombe, na kupimana muda kwa kawaida ni marufuku. Waendeshaji hugawanywa makundi matatu, wanaoanza, wa kati na wakali, na kila kundi hupewa dakika 20 katika kila saa. Bima ya kawaida ya barabarani huishia getini. Ukiangusha, umeangusha chako.

Fundi wangu ni Mhindi wa Mombasa. Aliingia Uingereza mwanzoni mwa 1968, akiwa kijana, katika wimbi la Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza waliowahi ndege kabla sheria ya uhamiaji ya Machi mwaka ule haijawafungia mlango. Leicester imejaa watu wa historia hiyo, wa Kenya, wa Tanzania na wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na ndiyo maana ukipita Belgrave Road unaweza kuagiza mhogo wa kukaanga, ukauita mogo, na muuzaji asikutazame mara mbili. Mzee amestaafu gereji lakini gereji haijamstaafu. Mimi nina watoto wanaokaribia kuoa, naye bado ananiita kijana.

Nilipomwambia nataka kwenda Cadwell na kwamba nimeona ekzosi nzuri ya kuongeza nguvu, aliizunguka Honda mara moja, mikono nyuma.

"Kijana, pikipiki hii yakushinda tayari. Wataka kuiongeza nini?"

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Tuanze na breki. Kwenda utakwenda tu."

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya hutakiwa kuhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka; ikishalewa maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Mjini tofauti hiyo huioni, kwa sababu unashika breki, unaachia, diski zinapoa. Uwanjani unabana kwa nguvu, unakata kona, unafungua mafuta, unabana tena, na joto la diski linapenya kwenye padi, linaingia kwenye pistoni za kalipa, linafika kwenye mafuta. Maji yaliyomo yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Unavuta mkono wa breki unakuja mpaka kwenye vidole vingine, na pikipiki inaendelea na safari yake.

Mzee alifunika tangi kwa taulo kuukuu, kwa sababu mafuta haya yakidondokea rangi huila. Akavalisha mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa ya kalipa, ncha ya pili akaitumbukiza kwenye chupa ya plastiki. Kazi yangu ilikuwa kutii. "Bana." Nabana. "Shikilia." Yeye analegeza skrubu robo mzunguko, mkono wa breki unazama, mafuta yanateremka kwenye mpira. Anakaza. "Achia." Na tena. Ukiachia kabla hajakaza, hewa inarudi ndani na mnaanza upya, kwa hiyo kazi hii haitaki mtu wa simu mkononi. Yaliyotoka mwanzo yalikuwa ya kahawia na vipovu vidogo. Tuliendelea, huku tukiongeza mapya juu ili kikopo cha mafuta ya breki kisikauke, hadi yakatoka ya manjano hafifu, matulivu. Chupa moja ya paundi chache, na kila kona ya kesho yake iliitegemea.

Padi zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Zingekuwa pungufu ya hapo tungezibadilisha usiku uleule. Mnyororo aliupima kwa rula akaulegeza kidogo. Wengi hukaza mnyororo wakidhani wanafanya usafi. Shokomzoba ya nyuma inapobonyea, gurudumu husogea mbali na spoketi ya mbele na mnyororo hujikaza wenyewe. Usipouachia nafasi, unavuta beringi na kuinyima shokomzoba uhuru wa kucheza. Kitabu cha pikipiki kinataja kiasi cha ulegevu. Kifuateni kitabu.

Kuhusu rejeta tulibishana. Waendeshaji wa mashindano huweka maji matupu, kwa sababu dawa ya kuzuia kuganda hutengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli ikimwagika kwenye lami huteleza na hukawia kukauka. Siku za wazi kama yangu hawalazimishi. Mzee alisema ustaarabu hausubiri kulazimishwa. Tukamwaga, tukaweka maji safi yasiyo na chumvi, nikiandika ukutani kwamba dawa irudi kabla ya Novemba, la sivyo baridi ya huku itapasua injini.

Tuliondoka alfajiri, mimi juu ya Honda, mzee nyuma kwenye Toyota yake na spana, dumu la petroli, stendi ya kuinulia gurudumu na chupa ya chai ya tangawizi. Kuna uwanja wa Donington Park palepale mkoani kwetu, lakini nilitaka Cadwell kwa ajili ya vilima vyake. Ni kama kilomita 120. Barabara ya A607 inapita Melton Mowbray, mji wa jibini ya Stilton na pai za nguruwe, ambao kwa sababu zangu niliupita bila kusimama. Mbele yake ni Grantham, alikosoma Isaac Newton. Kijiji alichozaliwa, Woolsthorpe, kiko kusini kidogo ya mji. Nilimkumbuka baadaye mchana, kila nilipobana breki ya mbele na uzito wote, wangu na wa pikipiki, ukahamia gurudumu la mbele kwa kutii kanuni zake.

Baada ya Grantham unaishika A153, na hiyo hukufikisha mpaka getini. Kupita Sleaford ardhi inalala. Hizi ni nchi zilizokuwa kinamasi, zikakaushwa kwa mifereji, na sasa ni kabichi na viazi kwenye udongo mweusi mpaka macho yachoke. Barabara zake huwadanganya wapanda pikipiki: ni nyoofu kwa muda mrefu, kisha ghafla zinakunja kufuata ukingo wa mfereji wa mtu aliyekufa zamani. Kikomo ni maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, na sikukizidi. Mwenye lami ya kukimbilia saa tatu asubuhi hana haja ya kushindana na trekta saa kumi na mbili. Huko Tattershall kuna mnara wa matofali mekundu wa karne ya 15, umesimama peke yake kwenye tambarare, na karibu yake ni Coningsby, kambi ya jeshi la anga ambako ndege za kivita za Typhoon zinaishi pamoja na ndege kuukuu ya Lancaster iliyobaki toka Vita vya Pili. Horncastle nilijaza tangi. Hapo vilima vya Wolds vinaanza, na miguu inaanza kuwasha.

Cadwell Park haifanani na uwanja. Inafanana na shamba la tajiri, na ndivyo ilivyokuwa: mali ya familia ya Wilkinson, ambayo mwaka 1934 iliruhusu mbio za kwanza za pikipiki kwenye njia za changarawe za shamba lao. Lami ikaja baadaye, njia ikarefushwa, na leo ni mzunguko wa kilomita 3.5, mwembamba, unaopanda na kushuka kati ya miti. Tangu 2004 unaendeshwa na kampuni ya Jonathan Palmer, dereva wa zamani wa Formula 1. Kila Agosti mashindano ya taifa ya Superbike huja hapa, na picha zao unazijua hata kama jina la uwanja hulijui: pikipiki angani, magurudumu yote mawili yameacha ardhi, miti nyuma yake. Mahali hapo huitwa the Mountain. Kwa mtu aliyeiona Usambara neno mlima ni heshima ya bure, lakini ukikiendea kile kipando kwa mwendo unaelewa walichomaanisha.

Tuliegesha kwenye nyasi, nikaanza kuivua Honda. Saiti mira zikatoka, kwa sababu zikivunjika hukata watu na kwa sababu anayetaka kunipita atajua mwenyewe pa kupitia. Taa na indiketa nilizibandika utepe, ili vioo vyake visisambae kwenye lami nikianguka. Kabla ya utepe nilitoa fyuzi ya taa kubwa. Taa za Honda hii huwaka muda wote, na balbu yake huyeyusha gundi ya utepe mpaka plastiki ikatoka na alama zisizofutika. Spidi mita nayo nikaifunika. Hakuna kitu chenye manufaa ambacho tarakimu ile inaweza kukwambia ukiwa unaingia kona, na yaliyo mengi ni ya kukutia hofu au kiburi. Vile vijiti vya chuma chini ya vikanyagio, ambavyo wengine huving'oa ili walaze pikipiki zaidi, niliviacha. Vikigusa lami vinapiga kelele, na mimi nataka kuambiwa mapema.

Halafu upepo. Hili ndilo jambo wageni wengi huliona la kichawi, na halina uchawi. Kwa barabara, Honda hii inataka PSI 36 mbele na 42 nyuma. Kiwango hicho kimewekwa kwa mtu mwenye abiria, mizigo na barabara ndefu. Uwanjani tairi hupinda na kusuguka zaidi, linapata joto, na hewa ya ndani ikipata joto shinikizo lake hupanda. Ukiingia na 42 baridi, baada ya raundi chache tairi la nyuma limevimba, linakanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati na linateleza. Nilishusha mpaka 31 mbele na 30 nyuma, tairi zikiwa baridi, ili zikishapata moto zifike 35 hivi. Kila mtengeneza tairi ana takwimu zake, na anayesema namba moja inafaa tairi zote anakuuzia kitu. La msingi ni kwamba upepo ushushwe baada ya kufika, pale pale uwanjani. Kusafiri kilomita mia na tairi laini, chini ya mzigo, kwenye barabara yenye mashimo, ni kutafuta tairi jipya.

Kipimo cha kelele kinafuata. Ofisa alisimamisha maikrofoni nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, akanionyesha kwa kidole niizungushe injini mpaka mahali anapotaka. Kikomo cha siku hizi za pikipiki mara nyingi ni desibeli 105. Ekzosi yangu ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, ikapita bila mjadala. Kijana aliyenifuata alikuwa na mrija mfupi wa kumeremeta. Sauti yake niliisikia kifuani. Alirudishwa atafute kizibo cha kupunguza sauti, na raundi zake za kwanza zilimpita akiwa anaomba omba kwa majirani. Mzee alinitazama. Hakusema kitu.

Karibu na ukuta wa maegesho kulikuwa na mtaalamu wa shokomzoba, na gari lake limefunguliwa milango. Kwa ada ndogo anakupangia pikipiki kulingana na mwili wako, na ningesema hii ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote siku ile. Kwanza yeye na mzee waliinua mkia mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, akapima kutoka ekseli hadi alama aliyoibandika juu. Kisha nikapanda na mavazi yangu yote, kofia kichwani, nimeinama kama ninavyoendesha, mzee ameshika usukani nisianguke. Akapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoeleza pikipiki inazama kiasi gani chini ya uzito wako. Kwa uwanja hutafuta kama milimita 30 hadi 35. Yangu ilizama zaidi ya 45 nyuma. Miaka yote ile nilikuwa nikiendesha pikipiki iliyokalia matako, pua juu, kisha nashangaa kwa nini haipendi kukunja.

Alikaza pete ya springi kwa spana yenye ndoano, akapima, akakaza, akapima. Alinieleza jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu. Springi ni ileile. Kinachobadilika ni kimo ambacho pikipiki inakaa. Mtu mzito mno kwa springi zake hana budi kununua springi nyingine, pete haitamsaidia. Mbele alirekebisha vivyo hivyo, kisha akafunga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye bomba la shokomzoba ya mbele, akaisukuma mpaka juu. Shokomzoba ikibonyea itaisukuma, nayo itabaki pale ilipofika, na ukirudi utajua umetumia urefu kiasi gani. Kifaa cha senti kadhaa, na kinasema kweli kuliko mwenye pikipiki.

Hatimaye akaubonyeza usukani kwa nguvu na kuuachia, akitazama unavyorudi. Kuna skrubu inayotawala mwendo wa kubonyea na nyingine inayotawala mwendo wa kurudi, na zote huhesabiwa kwa kliki kutoka zilipofungwa kabisa. Aliniandikia kliki zote kwenye karatasi. "Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati," alisema, "na ukiandike kabla hujakibadilisha."

Baada ya maelezo ya bendera, ambayo ni lazima kwa kila mtu na asiyehudhuria haingii, tulitoka na walimu kwa raundi za kuonyeshwa njia, hakuna ruhusa ya kupita mtu. Unashuka kutoka mstari wa kuanzia, unapinda kushoto Coppice huku unapanda, kisha kulia Charlies, kona mbili zinazofuatana ambazo ya pili yake huwaonea watu. Halafu Park Straight, mahali pekee pa kupumua. Kulia tena Park, kulia tena na kwa muda mrefu Chris Curve, ndipo Gooseneck inakutupa kulia na ghafla kushoto ukiteremka. Hapo kuna mtego ambao mwalimu wangu aliusisitiza. Tangu Charlies umelalia upande wa kulia tu. Upande wa kushoto wa tairi umekaa bila kazi na umepoa. Asubuhi yenye baridi, ukiitupa pikipiki kushoto kwa pupa pale Gooseneck au Mansfield, tairi lile lile uliloliamini sekunde kumi zilizopita halipo. Kwa hiyo raundi za mwanzo ni za kupasha moto, upande mmoja baada ya mwingine, kwa adabu.

Kundi la wakali lilipokuwa ndani, bendera nyekundu zilipepea. Mtu alikuwa ameanguka Charlies. Yeye aliinuka na kutembea, lakini pikipiki yake ilikuwa imepasua rejeta, na dawa ya rangi ya kijani ilikuwa imetandaa katikati ya njia. Wafanyakazi walimwaga unga wa kunyonya, wakafagia, wakamwaga tena, wakafagia. Makundi yote yalisubiri. Yangekuwa maji matupu yangekaushwa na jua wakati tunakunywa chai. Mzee alinimiminia kikombe cha pili akaniuliza kama sukari imetosha.

Tulipoingia tena nilianza kuhisi kitu. Mwisho wa Park Straight lami ina mikunjo midogo mahali pa kushikia breki, na pikipiki yangu ilipita mkunjo wa kwanza laini, wa pili ngumu, wa tatu ikagonga mpaka kwenye viganja. Nilirudi, nikapima upepo kwanza kabla haujapoa: 35 na 35, sawasawa. Kamba ya plastiki ilikuwa imefika karibu kabisa na mwisho. Mtu angesema springi ni laini. Mtaalamu alisikiliza, akabonyeza usukani, akasema hapana: shokomzoba inabonyea vizuri lakini inarudi polepole mno. Mkunjo wa kwanza unaibonyeza, na kabla haijarudi juu wa pili umefika, halafu wa tatu, hadi inaishiwa nafasi. Alinifungulia kliki mbili za mwendo wa kurudi. Mbili tu. Raundi iliyofuata mikunjo ilikuwa palepale, ila gurudumu liliifuata mmoja mmoja, na mimi nikaweza kushika breki nikiwa nimelegeza viwiko.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani maandalizi ni mambo ya mashine. Kliki mbili hazikunipa kasi. Zilinipa utulivu, na utulivu ndio uliniruhusu kumsikia mwalimu, ambaye muda wote alikuwa akiniambia nishike tangi kwa magoti na niache kuning'inia kwenye usukani. Mzee alishanibandikia vipande vya mpira wenye chenga pembeni mwa tangi kwa ajili hiyo, na aliuinamisha mkono wa breki ukawa mstari mmoja na mkono wangu wa kulia, kazi ya spana moja. Vyote viwili havigharimu sana. Mikono ikiwa miepesi, pikipiki hujinyoosha yenyewe. Ikiwa mizito, kila shimo unalipeleka kwenye gurudumu la mbele mwenyewe.

The Mountain niliipanda kwa heshima. Waliozoea huruka, mimi niliiacha Honda inyanyue pua kidogo, moyo ukasimama, gurudumu likagusa, tukaingia vichakani kwenye Hall Bends, kona za kubadilishana kushoto kulia chini ya miti, kivuli na jua. Kama kuna mahali pa pikipiki ndogo nyepesi kumtesa mwenye pikipiki kubwa, ni hapo. Mwanamke wa makamo mwenye Suzuki SV650 ya zamani alinipita humo, akiwa ameketi wima kama yuko ofisini, na sikumwona tena.

Jioni tulirudisha kila kitu. Saiti mira, fyuzi ya taa, utepe wote. Nilikagua padi, nikakagua mnyororo, nikapitisha kiganja kwenye tairi kutafuta mpasuko. Tulikaa tukimaliza chai na bajia za mke wa mzee mpaka tairi zikapoa kabisa, kwa sababu upepo ukipimwa tairi likiwa moto geji husoma juu, na ungeamini una 36 kumbe asubuhi utakuta 31. Zilipopoa nikakanyaga pampu mpaka 36 mbele na 42 nyuma. Barabara ya kurudi ilikuwa na matrekta yaleyale.

Ukitaka kujaribu, tumia fedha zako kwa mpangilio huu: mafuta mapya ya breki, geji ya upepo inayosema kweli, tairi zenye uhai, kisha mtu anayejua shokomzoba. Kikibaki chochote, mlipe mwalimu. Ekzosi iache dukani, maana ikizidi kikomo cha kelele hutaruhusiwa hata kutoka kwenye maegesho.